Panya wa Behewa la Daraja la Pili

Mbwana na Kombo, leo nimeadhirika. Siyo ile ya kujikwaa sokoni, watu wakacheka kidogo kisha wakaendelea kuchagua dagaa. Nimeadhirika mbele ya meneja, mke wa meneja, mgeni kutoka makao makuu na karakana nzima, mchana kweupe, nikiwa nimevaa shati langu la Idi. Na aliyeniadhiri ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu. Hata shetani nikimsingizia atakataa.

Nawaandikieni sasa hivi, saa kumi alasiri, kabla habari haijapanda basi la Pangani. Najua itafika. Najua pia kwamba Mbwana utaruka juu ya baiskeli yako uitangaze mji mzima, na ikifika mkahawani kwa Kombo itakuwa imeshaota pembe na mkia. Basi heri muipate kwangu ikiwa bado haijaota kitu.

Niliwahi kuwaambia habari za orodha. Wakubwa wa reli wameamua kwamba sisi wa karakana ya mabehewa hapa Tanga tumekuwa wengi mno, kwa hiyo baadhi yetu "watapumzishwa". Neno zuri! Mtu unaweza kudhani utaletewa mto na shuka. Mimi ni mkaguzi wa mabehewa mwaka wa kumi na sita huu, nina watoto wanne hapa Mabawa, na wallahi sijachoka hata kidogo. Tangu tuliposikia habari hiyo, mafundi wote tunafika kazini kabla ya king'ora, hata wale ambao kwa miaka walikuwa wanafika baada ya chai. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mgeni kuja kututazama. Orodha ilikuwa ndani ya mkoba wake.

Sasa mgeni akija, aonyeshwe nini? Mabehewa? (Ngojeni kwanza nicheke.) Behewa la daraja la pili lililo salama salimini tunalo moja, na usalama wake ni kwamba bado lina paa. Madirisha mengi yamezibwa kwa mbao. Globu hakuna. Sinki la kunawia limebaki tundu ukutani. Viti vimechunwa ngozi, springi zimetoka nje zinashangaa abiria. Ukisafiri nalo mpaka Korogwe unashuka na alama za duara mahali ambapo huwezi kumwonyesha mtu.

Meneja wetu, mwenye akili za kuzaliwa nazo, akapata wazo. Mgeni asionyeshwe behewa. Aonyeshwe mfano wa behewa! Mdogo, safi, juu ya meza ofisini, kando ya soda na sambusa.

"Mfano unaonyesha tunakokwenda," alituambia mkutanoni.

Tutakwendaje, hakusema.

Basi wiki iliyopita akamtuma karani dukani kwa Bwana Gulamali. Nyinyi mnalikumbuka duka lile miaka ya foleni, lilikuwa linauza viberiti na subira. Siku hizi vitu vimeruhusiwa kutoka nje, Gulamali kajaza mpaka darini: sabuni za kunukia, redio, viatu vya watoto vinavyowaka taa. Na treni ya plastiki. Karani akaileta ndani ya boksi lake, Meneja akatoa behewa moja akaliweka mezani, akatuita sisi wakuu wa sehemu tulitazame.

Nikalitazama. Hapo ndipo ningefunga mdomo. Mtu mwenye watoto wanne na orodha iko njiani angesema, "Zuri sana, Meneja," akatoka nje akatafuta kivuli. Lakini nyinyi mnanijua.

"Meneja," nikasema, "hili siyo behewa. Hili ni sanduku la sabuni limetiwa magurudumu."

"Kasoro yake nini, Bwana Salehe?"

Alikosea sana kuuliza. Nikamwambia: madirisha sita, behewa letu lina kumi. Mlango katikati, milango yetu iko miishoni. Magurudumu manne, na behewa la abiria lina manane, manne mbele na manne nyuma, kila manne kwenye bogi lake. Paa bapa kama la banda la kuku. Na juu ya paa, bomba la moshi!

"Behewa la abiria lina bomba la moshi, Meneja? Kwani humo abiria wanapikwa?"

Mzee Mhina akacheka mpaka akavua miwani. Huyu ni fundi wetu wa viti, Mbondei wa Muheza, ameshona viti vya mabehewa tangu mimi sijavaa suruali ndefu, na si mtu wa kucheka ovyo. Nikajiona mtu. Kichwa kikavimba. Nikasema maneno ambayo sasa ningeyameza na sahani yake:

"Mimi ninalo langu nyumbani. Halina kosa hata la upana wa unywele."

Mmeliona behewa langu, lakini mmeliona kwa macho ya watu wa Pangani, kwa hiyo nitawaelezeni tena. Kila futi moja ya behewa halisi ni nusu inchi kwenye langu. Kuta zake ni makopo ya maziwa ya unga, yale tuliyokuwa tunapanga foleni. Nguzo ni mbavu za miavuli. Magurudumu nimeyakereza mwenyewe, wenzangu wakiwa wanakula. Milango inafunguka. Shata za madirisha zinapanda na kushuka. Kila chumba kina kioo chake, sinki lake la kizibo cha dawa ya meno, na globu za shanga. Miaka mitatu! Mke wangu Mwanahamisi huliita mke mwenza, kwa sababu linalala sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na sisi tunalala chini ya bati linalovuja.

Kwa muda mrefu kilichokosekana ni ngozi ya viti tu. Ile ngozi bandia ya daraja la pili ina kijani chake. Si kijani cha majani ya mgomba wala cha kanzu ya shehe. Nilijaribu kupaka rangi kitambaa nikapata kijani cha ugonjwa. Nikaviacha viti uchi, na kila nikivitazama roho inaniuma.

Halafu Idi iliyopita tukaenda Mwera kumsalimu mkwe wangu, Bi Tatu. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikakaribishwa kitini. Nikatazama ninapokalia. Mito mipya! Ya kijani. Kijani chenyewe, na vile vidoti vidogo vidogo vya ngozi ya mjusi. Mamamkwe akaona macho yangu yalivyotoka.

"Umeipenda, baba? Nimeinunua kwa mchuuzi mmoja kapita hapa. Subiri nikupe vipande vilivyobaki, ukamshonee Zuhura kimkoba."

Nanyi mnajua adabu ya ukwe. Mkwe akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili, unatazama chini, unashukuru. Humuulizi kimetoka wapi. Mimi nina adabu sana. Nikapokea, nikatazama chini, nikashukuru. Binti yangu Zuhura hajaona kimkoba mpaka leo.

Mtaniuliza: hukujua? Nilijua kama mtu anavyojua kwamba boriti yake ina mchwa. Anajua, na ndiyo maana hatazami juu.

Na kuna jambo jingine dogo sikuwaambieni. Miezi mitatu kabla ya Idi hiyo, behewa letu la daraja la pili lilirudi safari limechunwa. Mtu, au watu, wamepita na wembe chumba baada ya chumba. Mkaguzi ni mimi, kitabu cha ukaguzi kinaningoja. Sasa ukiandika "imeibwa", umejitakia. Kuna fomu, kuna polisi wa reli, kuna maelezo ya gadi wa treni, maelezo ya mlinzi, maelezo ya mkaguzi kuhusu maelezo ya mlinzi. Nikafikiri nikaandika sentensi moja safi: "Viti vimeliwa na panya." Meneja akatia sahihi bila kuinua kichwa. Hakuna aliyeuliza ni panya gani hao wanaotafuna kwa mstari ulionyooka na kukata kona.

Kwa hiyo muone mtu mwenyewe. Kwenye behewa la makopo ananyoosha shata kwa sindano ya kushonea ili isipishane na ya kweli. Kwenye behewa la kweli anaandika panya.

Basi leo asubuhi nikambeba mke mwenza mpaka ofisini. Lile la plastiki likarudishwa kwenye boksi, nikalitazama kwa huruma. Mke wa meneja alikuwa ameshafika na sambusa zake, amependeza, kifuani dhahabu na begani mkoba mpya. (Nikauona mkoba. Nikaangalia sambusa.)

Mgeni akaingia saa tatu. Mtu mwembamba, mwenye saa kuukuu na viatu vilivyotiwa soli mara nyingi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Meneja akaanza hotuba. Mgeni hakuisikia. Alikuwa ameliona behewa.

Alilikaribia polepole. Akapiga magoti! Suti na yote. Akatoa rula ndogo mfukoni. Jamani, mtu anayetembea na rula mfukoni, nilitaka kumkumbatia pale pale. Akapima madirisha. Akapima urefu wa bogi. Akaufungua mlango kwa ukucha, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Mimi nilianzia huku," akasema, kama anajisemea. "Nilikuwa fundi mwanafunzi wa mabehewa. Kati ya bogi na bogi ulipima?"

"Mara tatu, mzee."

"Na hii shata inaposhuka inakwama kidogo mwishoni."

"Ya kweli pia inakwama, mzee. Niliikwamisha makusudi."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Tulikuwa sasa wawili tumepiga magoti, tunachungulia ndani ya kopo la maziwa, tunatabasamu. Akaniita fundi. Sijawahi kuitwa fundi kwa sauti ile, hata na mke wangu siku nilipotengeneza kufuli.

Meneja akaona neema inampita. "Tulimwelekeza sisi hatua kwa hatua," akasema.

Mgeni akainuka, akapangusa magoti. "Hii ni kazi. Twendeni sasa tukalilinganishe na lenyewe."

Mtu asiyejua angesema chumbani kumepita upepo wa baridi. Meneja akasema, "Mzee, soda itapata moto."

"Nitainywa ya moto."

Tukatoka. Mimi mbele na behewa mikononi, nimelibeba kama sinia la mahari, mgeni pembeni yangu ananiuliza habari za kukereza magurudumu, nyuma Meneja na mke wake, na nyuma yao karakana nzima, maana hakuna aliyetaka kukosa. Njia nzima sikuona hatari. Nilikuwa naliona behewa langu tu, jinsi jua lilivyokuwa linapiga madirishani.

Tukapanda ndani. Mgeni akaliweka la mfano juu ya kiti, juu ya springi, akaanza kulinganisha. Kidole kimoja kwenye la mfano, macho kwenye la kweli.

"Hapa kuna kioo. Kule kiko wapi?"

Ukutani kulikuwa na skrubu nne zimezunguka alama ya pembe nne. Meneja akajibu: "Kiko matengenezoni, mzee."

"Sinki?"

"Matengenezoni."

"Globu?"

"Matengenezoni pia, mzee."

"Na matengenezo yenyewe yanafanyika wapi, kama siyo hapa?"

Meneja akatazama dirisha. Kwa bahati mbaya lilikuwa lile la mbao, hakukuwa na cha kuona.

Mgeni akatingisha kichwa. Akanigeukia mimi. "Basi ukweli ni kwamba behewa zima tulilo nalo ni hili la makopo," akasema. Akafungua mkoba wake. Akatoa karatasi. Kombo, ndiyo ilikuwa orodha yenyewe! Niliona majina yameshuka, niliona langu lipo, karibu na chini. Akatoa kalamu.

"Salehe nani?"

"Salehe Bakari, mzee."

Kalamu ikashuka mpaka kwenye jina. Ilikuwa inakwenda kunifuta, wallahi nawaapia, kunifuta kwa wema. Nikaona watoto wanne, nikaona bati jipya. Kalamu ikasimama.

"Ila niambie kitu kimoja," akasema. "Hiki kijani. Ngozi hii haitengenezwi tena, tumeitafuta hatukuipata. Wewe umeiigiza vizuri mno. Umetumia rangi gani?"

Sasa sikilizeni. Jibu lilikuwa, "Ya kawaida, mzee." Basi. Maneno matatu, kisha nashuka na kazi yangu nakwenda kula sambusa. Lakini yeye alisema nimeiigiza. Mimi, niliyekwamisha shata makusudi! Neno lile likanichoma. Miaka mitatu ya kutoboa macho, mtu anadhani nimepaka rangi kitambaa?

"Sijaigiza, mzee!" nikasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Ndiyo yenyewe!"

Nje ya dirisha fundi mmoja akakohoa. Mimi bado nilikuwa natabasamu. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwamba nilitabasamu peke yangu kwa muda mrefu.

"Yenyewe ya wapi?" mgeni akauliza, pole pole.

Akaingiza vidole viwili akachomoa kiti kimoja, kidogo kama kiberiti. Akakigeuza. Nyuma ya ngozi kulikuwa na wino mweusi: kipande cha muhuri wa reli, na tarakimu mbili za mwisho za namba ya behewa. Akainua macho juu ya mlango, kwenye namba ya behewa tulilosimama ndani yake. Sina haja ya kuwaambieni tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zipi.

Akamwita Mzee Mhina. "Shikamoo, mzee wangu. Hii unaijua?"

Mzee Mhina akavaa miwani, akakitazama kiti. Akanitazama mimi kwa masikitiko, kisha akaogopa ya mbele ya haki, akachagua kweli. "Naijua, mwanangu. Nimeishona mie. Huo uzi ni wangu."

"Leteni kitabu cha ukaguzi."

Kikaletwa. Hapa Tanga fomu ya likizo huchukua miezi miwili kupatikana, lakini kitabu cha ukaguzi kilifika kwa dakika mbili, karani anahema. Mgeni akafungua, akasoma kwa sauti, mbele ya watu wote:

"'Viti vimeliwa na panya.' Umeandika wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Hawa panya wenu wanatumia rula?"

Karakana ikaangua kicheko. Watu niliowakopesha bisibisi zangu! Nikasema lazima nijitetee. (Hapana, haikuwa lazima. Mtu aliyekwisha kuzama angetulia maji yakamfunika kwa heshima.) Nikasema, "Mzee, mimi sikuiba. Nimepewa na mkwe wangu."

"Kwa hiyo panya ni mkweo?"

"Hapana, mzee. Mkwe wangu ni Bi Tatu. Wa Mwera."

Nani alikuwa ameuliza jina? Nani aliuliza anakaa wapi? Nimemtaja mamamkwe wangu, kwa jina na kijiji, katika kesi ya panya, mbele ya wanaume sitini. Kuna mtu nje alikaa chini kabisa kwa kucheka. Mimi masikio yalikuwa yanawaka, na shati la Idi limenilowa mgongoni.

Meneja sasa akapata sauti yake. Akapanua kifua. "Nimeshtushwa!" akasema. "Nimeshtushwa sana! Wizi, ndani ya karakana yangu! Mali ya umma imegeuzwa..."

"Mama," mgeni akamkatiza, huku anamtazama mke wa meneja, "mkoba wako ni mzuri."

Mke wa meneja alikuwa ameshauvuta mkoba nyuma ya mgongo. Alichelewa kidogo.

"Ahsante," akasema kwa sauti ndogo.

"Rangi nzuri sana."

Meneja akafunga kifua chake. Ghafla akaona kwamba binadamu wote hukosea, na kwamba mambo haya yanahitaji busara. Nami nikainua kichwa kwa mara ya kwanza, nikatazama wenzangu waliokuwa wamejazana mlangoni wakinicheka. Kicheko kilikuwa kimekatika. Huyu anaficha kandambili yenye ukanda wa kijani nyuma ya mguu mwingine. Yule anausukuma mfuko wake wa chakula chini ya behewa kwa kisigino. Karani karudishiwa kitabu cha ukaguzi, kakikumbatia ili tusione kimejaladiwa nini. Hata Mzee Mhina, wa mbele ya haki, alikuwa anairudisha miwani kwenye kibweta chake taratibu sana, na kibweta chenyewe kakiminya kiganjani.

Behewa halikuibwa na mtu. Lilikuwa limegawanywa, kama pilau ya shughuli, kila mtu akapata sahani yake. Mimi tu ndiye niliyejaribu kuliunganisha tena, nikakamatwa.

Mgeni akatuzungushia macho wote. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akaitazama orodha, akaitazama ile ngozi, akachukua kalamu.

"Salehe," akasema. Lile "fundi" lilikuwa limeshakufa. "Sikufuti, na sikuachi. Jina lako naliandikia alama ya kuuliza. Kuanzia Jumatatu wewe si mkaguzi tena. Wewe utakusanya. Kila kilichomo kwenye behewa hili la makopo nataka kukikuta kwenye lile kubwa, kioo, sinki, globu na ngozi, ukavitoe huko huko viliko. Narudi baada ya miezi miwili na rula yangu. Yakifanana, una kazi. Yasipofanana, utapumzika."

"Mzee, nitajuaje viliko?"

"Umeweza kukijua kijani. Na cha kwanza kilipo umeshatuambia mwenyewe, kwa jina na kijiji. Anzia hapo."

Behewa langu wamelichukua. Liko kabatini kwa Meneja, limefungiwa, ndiyo orodha ya vifaa. Nikitaka kulitazama lazima niombe kwa maandishi. Na wakati natoka nikaona lile la plastiki la Gulamali limeshatolewa tena kwenye boksi, limekaa mezani karibu na sambusa, bomba lake la moshi juu. Mgeni analitazama huku anakunywa soda ya moto. Lile halikumwambia mtu chochote. Lingeniponya.

Nilipofika nyumbani, Mwanahamisi alikuwa ameshasikia. (Kutoka stesheni mpaka Mabawa ni mwendo wa nusu saa. Habari ilikuja kwa njia ya mkato.) Alikuwa amekaa kibarazani, mikono kifuani.

"Baba Zuhura, ni kweli umemtaja mama yangu mbele ya wanaume?"

"Nilijikwaa ulimi."

"Heri ungejikwaa guu, ungevunjika ukanyamaza." Akanitazama juu mpaka chini. "Na Jumatatu utamwambia nini?"

Sijui nitamwambia nini. Mgeni nitamkabili, polisi nitawakabili, lakini Bi Tatu? Nitapiga hodi, nitaamkia, nitatazama chini. Atanikaribisha kwa furaha, atanipangusia kile kiti kizuri kuliko vyote, nami nitakaa juu ya mali ya reli na gunia langu mapajani. Ataniuliza, "Gunia la nini, baba?" Nikimwambia, sina mkwe. Nisipomwambia, sina kazi. Nimefikiria kumwambia kwamba mito ina kunguni. Mwanahamisi kasema, "Mwambie panya. Umezoea."

Basi ndugu zangu, hayo ndiyo yaliyonikuta, hayana chumvi. Nawaomba kitu kimoja: msicheke. Wewe Kombo hasa, kicheko chako hicho cha Kipemba kinasikika mpaka ng'ambo ya mto, na Mwera si mbali. Na wewe Mbwana, najua umeshaisoma barua mara moja na mguu uko kwenye pedali unakwenda kuwasomea wengine. Lakini Jumatatu nikitoka Mwera napitia Pangani na gunia langu, kwa hiyo kabla hujanyonga, shuka kwanza, geuka nyuma, utazame kiti cha baiskeli yako, umekalia rangi gani.